Najua Tu

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, shangazi yangu alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Nipo."

Basi, hilo tu. Hakulisema kwa sauti ya sala. Alilisema kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, anaitika ili asiitwe mara mbili. Kama alifumba macho mimi sijui, maana tulilala stoo, na stoo haijengwi na dirisha. Kabla hajahamia kwetu humo mlikaa magunia na baiskeli mbovu. Vilipotolewa akaingia yeye, na nilipokua kidogo nikaongezwa mimi. Nilidhani ananijibu mimi, kwamba labda nimemwita usingizini. Siku moja nikamwambia, "Shangazi, sijakuita."

Akasema, "Najua si wewe. Lala."

Kazi yake ilikuwa kuendesha lifti katika jengo la maofisi la ghorofa saba. Lifti yenyewe ni ya zamani, ya kuendeshwa kwa mkono. Kuna wenzo wa shaba uliong'aa kwa kushikwa: ukiusukuma kushoto inapanda, kulia inashuka, ukiurudisha katikati inasimama. Kupanda na kushuka hata mtoto angeweza. Kazi ni kusimama. Ukiwahi, sakafu ya lifti inabaki chini ya sakafu ya jengo na watu wanajikwaa. Ukichelewa, wanatoka kama wanaoruka mtaro. Mlango ni bati tupu, huoni nje. Juu ya mlango kulikuwa na taa ndogo za namba za kuonyesha ghorofa, ila ziliungua zote kabla sijazaliwa na hakuna aliyezibadilisha, kwa sababu shangazi hakuzihitaji. Alikaa kwenye kigoda, uso kaelekeza ukutani, mkono kwenye wenzo, akasimamisha. Kisha akafungua na kusema, "Tupo. Wa kushuka?"

Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mchana nilikuwa na nafasi ya kumpelekea chakula. Yeye hakuruhusiwa kuiacha lifti. Alikula humo humo, tonge kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, tonge lingine kati ya tano na sita, nami nikisimama pembeni nikipanda na kushuka naye mpaka bakuli liishe. Ndivyo nilivyoyaona mengi ninayoyaandika.

Karani wa ghorofa ya tano, mtu wa mzaha asiyechoka, siku moja alivua tai yake. "Leo mama tunakufunga macho. Haiwezekani. Lazima kuna mahali unachungulia."

"Nifunge, lakini usinifunge na pua, nina mafua."

Akamfunga. Watu wanne mle ndani wakaanza kucheka. "Ghorofa ya sita!" karani akasema. Lifti ikapanda, kamba zikilia kama kawaida. Ikasimama. Mlango ulipofunguliwa karani alipiga magoti na suruali yake nzuri, akapitisha kidole pale zinapokutana sakafu mbili, akarudi tena na kidole kama anayetafuta vumbi.

"Sawasawa kabisa! Hebu niambie, unajuaje?"

"Najua tu."

"Unahesabu moyoni?"

"Sihesabu."

"Basi unasikiliza mlio."

"Mlio upo, ila siusikilizi."

"Sasa?"

"Sasa shuka, mwenzio anangoja."

Toka siku ile jengo zima likamwita Najua Tu. "Najua Tu yupo chini?" "Mwambie Najua Tu aje ya saba." Yeye hakuchukia. Alisema ni jina linalomfaa kuliko alilopewa.

Baba yangu, kaka yake mkubwa, ni mkaguzi wa mizani. Anapita madukani, machinjioni na kwenye maghala na kasha lake la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe limelala katika shimo lake la kitambaa. Hayashiki kwa vidole. Anasema mafuta ya kidole yana uzito. Jumamosi mchana anafundisha darasa la ubatizo katika chumba cha nyuma cha kanisa, na huko pia hashiki kitu kwa vidole, ukinielewa. Ameandika kijitabu chake mwenyewe, maswali na majibu, na swali la kwanza ni hili: Wajuaje kwamba Mungu yupo? Jibu: Kwa mambo matatu. Kwanza, kwa vitu vilivyoumbwa, maana vina mpango. Pili, kwa dhamiri, maana inatusuta hata tukiwa peke yetu. Tatu, kwa mashahidi waliotutangulia, maana hawakuwa na faida ya kudanganya. Watoto wa mtaani wanamwita Mambo Matatu, ila akiwa mbali.

Kila aliyetaka kubatizwa kanisani kwetu alipita mikononi mwake, na shangazi alikuwa amekaa katika darasa lile miaka kumi na moja.

Si kwamba hakulijua jibu. Alilijua kuliko wote. Wanafunzi wapya waliokwama aliwanong'onezea: "dhamiri, sema dhamiri." Wakafaulu, wakabatizwa, wengine wakaolewa na kuleta watoto wao darasani, naye bado yuko benchi la nyuma. Kila Jumapili, meza ya Bwana ilipoandaliwa, alitoka nje pamoja na watoto wadogo, akakaa nao kwenye ngazi akiwafunga kamba za viatu. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu. Mwaka baada ya mwaka baba alimwuliza swali la kwanza, na mwaka baada ya mwaka alijibu, "Najua tu." Baba akafunga kijitabu.

Na ubatizo haukuwa maji tu kwake. Nyuma ya kanisa kuna nyumba ya akina mama wanaoishi peke yao, vyumba sita, vya waliobatizwa tu. Chumba cha mwisho kilikuwa wazi tangu mwenyewe alipofariki. Kina dirisha linalotazama barabara. Shangazi alikwenda kukiona, akafungua dirisha lile akalifunga, akafungua akalifunga, mpaka mama mmoja wa chumba cha jirani akamwambia, "Dada, litang'oka." Mchungaji aliahidi: akibatizwa ni chake. Kwingine baba hakukubali. "Dada yangu apange kwa watu kama asiye na ndugu? Mimi ninafundisha watu, mdogo wangu. Ukitoka hapa, utatoka kwa heshima." Kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja, na aliyeushika ni baba, na ufunguo wake ni jibu ambalo shangazi alikuwa nalo mdomoni siku zote.

Mama yangu, ambaye hakuwahi kumsema vibaya wifi yake ila hachoki kumsema, alimwambia wakichambua mchele, "Wifi, si useme tu hayo matatu? Unayajua. Mimi niliyasema nikiwa nafikiria sufuria niliyoiacha jikoni, na nikabatizwa."

"Wewe uliyasema kweli."

"Nilikuambia nilikuwa nafikiria sufuria!"

"Ni kweli kwako. Mimi nikiyasema itakuwa uongo."

"Kwani hayo mambo ni ya uongo?"

"Siyo ya uongo. Ila sikujulia hapo."

Mama akaniangalia mimi, akaangalia mchele, akapuliza makapi.

Kwa nini asiyaseme aliniambia mimi, asubuhi moja mle stoo, bila kuulizwa, nafikiri kwa sababu giza lilimsaidia. Alipokuwa kwa mumewe alizaa mtoto wa kike. Aliishi siku kumi na moja. Siku ya maziko baba, ambaye ndipo kwanza alikuwa ameanza kufundisha, alimshika bega akamwambia, "Usilie sana, mdogo wangu. Mtoto alikuwa hana habari. Hakumjua Mungu, hakujua dhambi, hakujua chochote." Alitaka kumfariji. Baada ya mwaka shangazi akarudishwa kwetu.

"Alikuwa anajua," shangazi akaniambia. "Akilia sana, mara ananyamaza ghafla, anatazama. Hanitazami mimi. Hatazami taa. Anatazama kama mtu aliyemwona wa kwao. Mimi nilikuwepo, hakuna aliyenisimulia." Kisha akapapasa chini kutafuta viatu. "Sasa nikisimama mbele za watu niseme Mungu anajulikana kwa mambo matatu, mwanangu alikuwa na lipi? Nyota hajaziona. Dhamiri imsute kwa lipi? Mashahidi wamwambie kwa lugha gani? Nitakuwa nimeingia mimi, nimemfungia yeye nje."

Akavaa viatu, tukatoka.

Nisimwonee baba. Alikuwa na hoja yake, na mimi niliyekaa karibu na mlango wa darasa lile Jumamosi nyingi niliisikia mara nyingi. "Muuza nyama," alikuwa anasema, "nikimwuliza hii ni kilo? Ananiambia najua tu, mkono wangu umezoea. Naweka jiwe langu, inapungua kama kidole. Na hakutaka kuiba! Alijua tu. Sasa kama nyama inapimwa, imani isipimwe? Kila mtu akija na najua tu yake, na yule anayeongea na kuku atasema najua tu. Tutamwambia nini?" Darasa likacheka, naye akatabasamu, maana alipenda wacheke pale alipotaka. Sijui kama kuna mtu anayeongea na kuku. Lakini hoja niliielewa.

Siku moja walibishana mezani, kwa upole, jinsi ndugu wanavyobishana wakiwa wamechoka.

"Kaka, mimi ni nani yako?"

"Swali gani hilo? Dada yangu."

"Umejuaje?"

"Nilikuona ukizaliwa. Nilikuwa na miaka saba. Nilikwenda kumwita mkunga mimi mwenyewe."

"Haya. Mimi nimejuaje kwamba wewe ni kaka yangu?"

Baba akafikiri. "Uliambiwa."

"Sikuambiwa. Nilikukuta."

Baba akaacha kutafuna.

"Nilizaliwa nikakukuta," shangazi akasema. "Na Mungu hivyo hivyo. Sikupelekwa kwake. Nilimkuta."

"Ukikosea je?" baba akauliza. "Kuna watoto wanaolelewa na mtu, wanamwita baba miaka ishirini, siku moja wanaambiwa siye. Nao walimkuta."

Shangazi alisema tu, "Maskini," nadhani kwa ajili ya watoto wale, akaondoa vyombo.

Kulikuwa pia na ule mstari. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu, juu kabisa, baba aliandika kwa herufi kubwa: SISI TU WA MUNGU. Hakuweka mkato. Darasa zima lilianza kwa kuusoma kwa pamoja, na yeye aliwaongoza, akitua baada ya neno la pili: sisi tu, wa Mungu. Yaani sisi waliomo, tuliopimwa. Shangazi alitua mapema zaidi, baada ya neno la kwanza: sisi, tu wa Mungu. Yaani ndivyo tulivyo, wote, na aliye tumboni. Sauti yake ilichelewa nyuma ya wenzake kidogo tu, kama mtu mwenye mguu mfupi. Baba aliisikia kila Jumamosi. "Soma na wenzako," alikuwa anamwambia. Alikuwa akisema ndivyo alivyoandika na yeye ndiye mwandishi, basi anajua alimaanisha nini.

Sasa lililoharibu ni hili.

Kama wiki mbili kabla ya mtihani wa mchungaji, baba alikuja kwenye lile jengo kukagua mizani ya mchanganya dawa wa ghorofa ya sita. Nilikuwa ndani ya lifti na bakuli. Baba akaingia na kasha lake, akasimama wima katikati, maana hapendi kugusa kuta. Karani naye akaingia akikimbia.

"Oo, mwalimu! Leo tunapanda na dini."

"Habari za kazi," baba akajibu.

Tulipita ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha umeme ukakatika. Taa ikazima, lifti ikasimama kwa kishindo, halafu, na hili ndilo baya, ikashuka. Haikushuka sana. Lakini katika giza huwezi kujua kwamba si sana. Kasha la baba likaanguka na mawe yakalia sakafuni, na katikati ya kelele zile nikasikia sauti ambayo sikuitambua, nyembamba, kama ya mtoto:

"Mungu wangu! Mungu wangu we!"

Lifti ikatulia.

"Tupo kati ya nne na tano," shangazi akasema, kwa sauti ile ile anayosema nayo wa kushuka. "Tumeshuka shubiri moja. Breki imeshika, haitaachia. Kaeni chini, hewa ni nzuri zaidi huko."

Tulikaa. Nilisikia baba akipapasa sakafu akitafuta mawe yake, kwa vidole vitupu. Joto likaanza kupanda. Kuta zile, ambazo nilizizoea, zilisogea. Najua hazikusogea, lakini goti langu lilikuwa linagusana na la karani na mgongo na bati, na nikawaza kwamba shangazi amekaa humu toka kabla sijazaliwa, anatoka humu anakuja kulala stoo, anatoka stoo anakuja humu, na kila anayeingia anashuka isipokuwa yeye.

Zikapita kama dakika ishirini. Karani, ambaye kimya humwasha, akasema, "Mwalimu, hebu tutajie yale mambo matatu, tupitishe muda."

Nikasikia jiwe moja likirudishwa kashani.

"Au la pili peke yake. La dhamiri."

"Mwache kaka yangu," shangazi akasema. Kisha, na nina hakika alidhani anasema kwa wema, kama mtu anayempa mwenzake kitu chake kilichopotea, akasema polepole, "Kaka, umesikia? Hukuhesabu."

"Sikuhesabu nini?"

"Ulipomwita. Hukuhesabu mpaka tatu."

Karani alicheka. Alicheka mpaka lifti ikatikisika na mimi nikaogopa upya. Umeme uliporudi, taa ilipowaka, nilimwona baba amekaa sakafuni, kakumbatia kasha, macho mekundu, akimtazama dada yake. Sijawahi kuona mtu akitazama hivyo ndugu yake. Shangazi akausogeza wenzo, tukapanda ile nusu iliyobaki, akafungua.

"Tupo. Wa kushuka?"

Baba alishuka ya tano, akapanda ya sita kwa ngazi.

Kufika jioni jengo zima lilijua, kufika Jumatano mtaa ulijua. Watoto walibadilisha jina la baba. Walimwita Hukuhesabu. Darasani kijana mmoja aliulizwa swali la kwanza akasema, "Kwa mambo matatu, mwalimu, au kama lifti imekwama, kwa moja," na benchi zima likainamisha vichwa. Baba hakumfukuza. Alifunga kijitabu, akafungua, akaendelea. Lakini nyumbani aliacha kuzungumza na shangazi. Alizungumza na mama, kwa sauti ya kufika stoo.

"Mtu akiogopa huita hata mama yake aliyekufa. Kuita si kujua. Askari aliyejeruhiwa anaita maji jangwani, je, maji yapo?"

"Mimi sijasema kitu," mama akasema.

Shangazi akajibu kutoka mle ndani, hakupandisha sauti. "Yapo mahali, kaka. Asiyewahi kunywa hawezi kuyaita."

Nikasikia baba akivuta kiti, akasimama, akakaa tena. "Jumamosi," akasema. "Mbele ya mchungaji. Hapo tutaona nani anajua."

Jumamosi mchungaji alikuja. Ni mzee mnene, mwenye huruma na miguu inayomsumbua; alivua kiatu kimoja chini ya meza akidhani hatumwoni. Wanafunzi tisa walipita kabla ya shangazi. Wote walifaulu. Kwa kuwa alikuwa wa mwisho, mchungaji alikwisha kutoa ufunguo wa chumba kile mfukoni, akauweka juu ya meza, juu ya kijitabu, ili aukabidhi mambo yakiisha. Ulikuwa na uzi wa buluu. Shangazi aliuona mara tu alipokaa. Mimi niliona alivyouona.

"Soma juu pale, mama, tuanze."

Akasoma. "Sisi, tu wa Mungu."

"Sisi tu, wa Mungu," baba akasahihisha, amesimama ukutani.

"Ni kusoma tu, mwalimu, tusigombane na pumzi," mchungaji akasema akicheka. "Haya mama. Wajuaje kwamba Mungu yupo?"

Shangazi alitazama ufunguo. Kisha akafanya ambalo hakuwahi kufanya katika miaka kumi na moja. Akaanza.

"Kwa mambo matatu. Kwanza, kwa vitu vilivyoumbwa, maana vina mpango. Pili, kwa dhamiri, maana inatusuta hata tukiwa peke yetu. Tatu, kwa mashahidi waliotutangulia, maana hawakuwa na faida ya kudanganya."

Hakukosea neno. Nilimwona baba akitoa mgongo ukutani. Uso wake uliachia, akawa kama kijana, na nadhani wakati ule alikuwa tayari kusahau yote, lifti na karani na watoto wa mtaani. Mchungaji akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Hivyo ndivyo anavyojua kaka yangu," shangazi akasema. "Na ni vizuri. Mimi najua tu."

Mkono wa mchungaji ukabaki juu ya ufunguo. Akavuta pumzi ndefu, akatafuta kiatu chake kwa mguu.

"Mama, nikuambie. Wapo walimu wakubwa wa zamani waliosema kama wewe, kwamba Mungu amejipanda mwenyewe ndani ya mtu, na mtu hana haja ya kutoa hesabu ndipo aamini. Na wapo waliosema kama mwalimu wetu hapa, kwamba lisilopimwa halitofautiani na ndoto. Wote watu wa Mungu. Mimi mwenyewe siku nyingine niko huku, siku nyingine kule. Lakini darasa lina kitabu kimoja. Nitafanya hivi. Uyaseme yale matatu, kama ulivyosema, vizuri kabisa, kisha unyamaze. Ondoa lile la mwisho tu. Kesho nakubatiza, keshokutwa unalala chumbani kwako."

"Niondoe tu?"

"La mwisho tu. Neno moja, mawili."

Wale tisa waliofaulu walikuwa wamesimama mlangoni, wamejazana, hawatoki na hawaingii. Madirisha ya chumba kile yamepigiliwa misumari tangu viti vilipoibwa, na joto lilikuwa kama la siku ile. Nilitaka aseme. Naandika ukweli, nilitaka aseme, alale kwenye dirisha lake, Mungu angeelewa.

"Mchungaji, nikuulize jambo. Mtoto wa siku kumi na moja anamjua?"

Mchungaji akamtazama baba. Baba akatazama sakafu. Yeye alikuwepo kwenye maziko yale, alijua ni mtoto yupi. Kama angesema neno moja, hata "labda". Lakini wale tisa walikuwa mlangoni wanasikiliza, na yule kijana wa mzaha wa lifti akiwa mmoja wao.

"Kujua kunahitaji sababu," baba akasema. "Mtoto hana habari. Nilikuambia zamani."

"Mtoto tunamwachia Mungu, mama," mchungaji akawahi kusema.

"Sawa," shangazi akasema. "Nami niache hapo hapo."

Akasimama. Alikuwa na tabia moja aliyoitoa kazini: kila mlango alioufikia aliushika kwa mkono, akasimama kando, akawapitisha wengine kwanza. Nyumbani alifanya hivyo, kanisani alifanya hivyo, hata mlango wa choo. Wale tisa walipomwona anakuja walijigawa wakaanza kutoka mbele yake kwa mazoea, wakitegemea awashikie. Hakuushika. Alipita katikati yao.

"Mama! Unakwenda wapi?" mchungaji akamwuliza, kainuka na kiatu kimoja.

"Nashuka hapa."

Baba akatoka ukutani akafika mpaka kizingitini. "Wewe! Mdogo wangu! Utakwenda wapi bila kitu?" Alikuwa ameushika ule ufunguo, sijui aliuchukua saa ngapi, uzi wa buluu unaning'inia vidoleni. "Rudi tuzungumze. Jioni tutazungumza."

Shangazi alizishuka zile ngazi alizokuwa anakaa na watoto Jumapili. Mtoto mmoja alikuwepo, kamba ya kiatu imefunguka; akainama, akaifunga, mafundo mawili, akainuka. Nilikuwa nimefika mlangoni kando ya baba. Nyumbani kwetu ni kushoto, na kwenye lile jengo la maofisi ni kushoto pia, mbele kidogo. Miaka yote ile sijawahi kumwona akitoka kanisani akaenda upande mwingine.

Alikwenda kulia. Hakuharakisha. Baba akasema, "Atarudi, hajachukua hata kanga," akabaki amesimama na ufunguo wake mpaka mchungaji akaja kumwondoa mlangoni. Shangazi hakurudi.